Maji Yetu na Moto wa Mbizi

Hapa Ufipa mvua huisha Aprili au Mei. Hurudi Novemba. Kiangazi chote tunakunywa maji yaliyozama ardhini. Hata mji wa Sumbawanga hupata maji kutoka milima ya Mbizi.

Lakini tazama milima hiyo mwezi wa Septemba. Moshi mtupu! Huyu anachoma apate majani mabichi ya ng'ombe. Yule anawinda panya. Msitu ukiungua, ardhi hubaki uchi na kuwa ngumu. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Huteremka na udongo hadi Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Udongo ukifika, haurudi wala hauendelei.

Siku hizi dunia inazidi kupata joto. Majani hukauka upesi, na moto huenea zaidi. Wengine husema, "Ni hali ya hewa, tufanyeje?" Mimi sikubali. Joto la dunia hatukulileta sisi, lakini kiberiti tunakiwasha sisi.

Tena Wafipa tunajua njia nyingine. Tukilima intumba, tunafukia majani chini ya udongo. Yanaoza, yanakuwa mbolea. Basi, mbona mlimani tunachoma?

Tulizungumze jambo hili katika mkutano wa kijiji kabla ya Juni, majani hayajakauka.