Kijana miezi mitano, nje!

WENYE hoteli na baa za Kibaha wana wimbo mmoja: eti vijana wa siku hizi hawatulii kazini. Leo yuko kaunta Maili Moja, kesho Mlandizi, keshokutwa kapanda gari la Dar. Nenda nyumba za wageni za Kisarawe, wimbo ni ule ule.

Sisi tunauliza: atulie kwenye nini?

Kijana anaingia saa 2 asubuhi, anatoka mlevi wa mwisho akishaondoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwisho ni saa 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo alipwe mara moja na nusu. Kuanzia saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Muulize mhudumu kama amewahi kuiona hiyo asilimia 5. Atakucheka.

Glasi ikivunjika, mshahara unakatwa. Mteja akitoroka na bili, unakatwa tena. Sheria hiyo hiyo inataka deni lielezwe kwa maandishi, mfanyakazi ajitetee, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Wapo wanaoishia kupokea nauli!

Lakini ujanja mkubwa uko kwenye kalenda. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi kwa uonevu haimgusi mwenye chini ya miezi 6 kazini. Tajiri analijua hilo. Mwezi wa 5 ukifika: "Biashara mbaya, pumzika kidogo." Wiki inayofuata kaajiriwa mwingine, asiyejua hata supu inapikwa saa ngapi. Halafu tajiri huyo huyo ndiye analia kuwa vijana hawadumu!

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Vigogo wanakaa semina kwenye kumbi za hoteli, wanaletewa chai na kijana asiye na karatasi yoyote ya ajira. Hivi hakuna hata mmoja anayemuuliza? Afisa Kazi ana mamlaka ya kuingia na kukagua daftari la mishahara. Aingie basi, tena usiku. Na CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahotelini, waje Kisarawe wasiishie kwenye hoteli kubwa za mjini.

Nawe kijana uliyevuka miezi 6 ukafukuzwa kwa uonevu, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zinahesabiwa tangu siku ulipoachishwa, wala hazisubiri ile "njoo kesho" ya tajiri.