Masanduku Yashukapo Melini

Huenda baadhi yenu mkasema kwamba habari za meli za matembezi hazimhusu mkulima wa majani ya chai wala karani wa ofisi ya wilaya. Zamani maneno hayo yangalikuwa kweli. Lakini leo watoto wetu wengi ni wauguzi, waalimu na madereva katika nchi za Ulaya na Marekani, na wengine wanafanya kazi katika meli zenyewe, wakitandika vitanda na kupika vyakula. Mtoto aliyefanikiwa hupenda kumwalika mzazi wake, na akiisha kumwonyesha mji na baridi yake humkatia tiketi ya kutembea baharini kwa juma moja au mawili. Mzazi hufurahi, hupigwa picha, na hula vizuri kuliko harusini. Taabu, ikiwa ipo, aghalabu humngojea siku ya mwisho, saa ya kushuka, nayo hukaa katika sanduku lake.

Juma hili nataka kueleza neno moja tu, nalo ni hili: haki ya abiria juu ya sanduku lililovunjika au kupotea ina saa yake, na saa iliyo bora ni kabla hajatoka katika banda la forodha. Akiisha kutoka, haki yake haifi, lakini huanza kuugua.

Kwanza yafaa tuelewe jinsi mizigo inavyoshushwa. Meli kubwa ya siku hizi huweza kuchukua abiria 4,000 na zaidi. Kila mmoja akiwa na masanduku mawili, hayo ni masanduku 8,000, nayo yote hapana budi yashuke kati ya alfajiri na saa nne asubuhi, kwa kuwa adhuhuri ya siku ile ile abiria wengine huanza kupanda kulala katika vitanda vile vile. Kwa sababu hiyo kazi huanza usiku wa kuamkia siku ya kushuka. Kila abiria hupewa lebo zenye rangi na nambari, naye huzifunga katika masanduku yake na kuyaweka nje ya mlango wa chumba chake, kwa kawaida kabla ya saa nne au saa sita usiku. Mabaharia hupita wakayakusanya, wakayatia katika vizimba vya chuma vyenye magurudumu, wakayateremsha kwa lifti mpaka chini ya meli. Kunapokucha magari ya kunyanyulia mizigo huvitoa vizimba hivyo gatini, na masanduku hupangwa bandani kwa rangi na nambari, ya manjano huku, ya buluu kule. Abiria huitwa kwa makundi, kila mtu akaenda penye rangi yake.

Kazi hiyo ni ya mpango mzuri, na mtu asiidharau. Hata hivyo lebo ya karatasi hukatika, na sanduku lisilo na lebo husukumwa pembeni pamoja na mayatima wenzake. Masanduku meusi nayo hufanana kama ng'ombe wa zizi moja, na mtu mwenye haraka ya kuwahi ndege hushika la mwenziwe akaenda nalo mpaka nchi nyingine. Tena sanduku la chini kizimbani hubeba uzito wa yote yaliyo juu yake. Sitaji wale wanaotia nguo zao zote sandukuni usiku ule, wakaamka asubuhi hawana la kuvaa ila vazi la kulalia. Hao wapo kila safari, na mabaharia wamekwisha kuwazoea. Jambo la kuchekesha kidogo kuliko hilo ni mzee anayetia dawa zake za sukari au za shinikizo la damu katika sanduku hilo. Dawa, pasi, fedha, miwani na simu ni vitu vya mfuko wa mkononi, wala havifai kulazwa nje ya mlango.

Katika bandari yetu ya Mombasa meli kama hizo hufika, lakini mara nyingi abiria wake hushuka kwa muda wa kutazama Fort Jesus au kwenda mbugani, mizigo yao ikabaki vyumbani. Mchezo wote wa masanduku huonekana katika bandari ambako safari huanzia na kuishia, mathalan Southampton nchini Uingereza, Barcelona, au Miami huko Marekani. Nao si mchezo mpya. Katika enzi ya meli za posta abiria walibandika karatasi juu ya masanduku yao, nyingine zikisema sanduku latakiwa chumbani, nyingine zikisema halihitajiki safarini, na hilo la pili likatupwa ghalani mpaka mwisho wa njia.

Sasa tuitazame sheria. Mwaka 1974 mataifa yalifanya mapatano katika mji wa Athens juu ya abiria na mizigo yao baharini. Mapatano hayo yalirekebishwa London mwaka 2002, na marekebisho yakaanza kutumika mwaka 2014. Uingereza na nchi za Jumuiya ya Ulaya zinayafuata. Ndani yake kuna tofauti ambayo abiria wengi hawaijui, nayo ni kubwa. Mzigo ulio chumbani mwako au mikononi mwako ni amana yako mwenyewe. Ukiharibika, kwa kawaida ni juu yako kuonyesha kwamba kosa ni la mwenye meli, isipokuwa meli imezama, imegongana, imekwama, imewaka moto au imepatwa na ajali nyingine ya namna hiyo. Lakini mzigo uliokabidhiwa kwa meli ni kinyume chake: ukiharibika, ni juu ya mwenye meli kuonyesha kwamba yeye hana kosa. Basi sanduku uliloliacha nje ya mlango kama ulivyoagizwa, likachukuliwa na mabaharia, si rahisi mtu kudai kwamba lilikuwa mikononi mwako. Usiku ule mzigo wa kuthibitisha umehama kutoka bega lako kwenda bega lake.

Lakini waliotunga sheria hawakumsahau mwenye meli. Kasoro inayoonekana kwa macho yapasa kuarifiwa kwa maandishi kabla ya kupokea sanduku au wakati ule ule wa kulipokea. Kasoro isiyoonekana, au upotevu, yapasa kuarifiwa kwa maandishi katika siku 15. Abiria asipofanya hivyo huchukuliwa kwamba alipokea mzigo wake mzima, mpaka aonyeshe vingine. Angalieni maneno hayo ya mwisho, kwa maana makarani wa kampuni hupenda kuyaruka wanapojibu barua. Sheria haisemi kwamba aliyechelewa hana haki. Yasema kwamba sasa ni zamu yake kuleta ushahidi.

Mama mmoja wa kwetu, mwalimu mstaafu, aliyaona mambo hayo kwa macho yake. Binti yake, aliye muuguzi Uingereza, alimpeleka katika safari ya Norway kutoka Southampton, pamoja na mjukuu wa miaka kumi na miwili. Waliporudi na kushuka, walilikuta sanduku lake bandani limepasuka ubavu na kufungwa kamba na mkono wasioujua. Katika ufa ulichungulia mkono wa koti la sufi alilonunua Bergen, umeraruka na kupakaa grisi. Mjukuu akasema, “Bibi, tuwaambie kwanza.” Bibi akajibu, “Mjukuu wangu, basi litatuacha. Sanduku ni sanduku tu.” Wakaenda. Lakini mtoto yule, kwa udadisi wa watoto, alikuwa amekwisha kupiga picha kwa simu, na lebo ya meli ilionekana wazi, rangi na nambari.

Baada ya siku tatu Mwalimu akapanda ndege kurudi nyumbani. Karani wa uwanja wa ndege alilitazama sanduku, akaandika juu ya lebo ya ndege kwamba limepokewa likiwa limevunjika, akamtaka atie sahihi. Alipofika Nairobi kamba ilikuwa imelegea, na viatu na miwani ya kusomea havimo. Akawaendea watu wa ndege, nao wakamwonyesha sahihi yake. Akaandika kwa kampuni ya meli, nayo ikamjibu kwa adabu kwamba bandani hakulalamika, kwa hiyo alipokea sanduku zima.

Ndipo aliponijia, akasema, “Mwanangu, wewe ni mtu wa karatasi.” Tukaandika barua ya pili. Hatukuandika juu ya masikitiko ya mzee, wala ukubwa wa kampuni, wala Mungu aonaye. Tuliandika nambari ya chumba, tarehe ya kushuka, nambari ya lebo, na saa iliyoandikwa katika picha. Tukaeleza kwamba barua yake ya kwanza ilipelekwa siku ya kumi na moja. Tukaambatisha picha, stakabadhi ya koti, na nakala ya lebo ya ndege, ambayo ilikuwa shahidi mwema kuliko alivyodhani mwenyewe, kwa sababu ilionyesha kwamba sanduku lilivunjika kabla ya ndege kuligusa. Majibu yalichukua muda wa majuma saba. Alilipwa koti na sehemu ya bei ya sanduku. Viatu na miwani havikulipwa na mtu yeyote, maana vilianguka katika ule mwanya ulio kati ya meli na ndege, na hakuna aliyeweza kuonyesha vilianguka wapi.

Mwanya huo ndio hatari kwetu sisi tunaorudi mbali. Mzungu wa Southampton hutoka bandani akapanda gari, akafika kwake, akalifungua sanduku jioni ile. Sisi twapitia uwanja wa ndege, pengine viwili, na kila mkono unaolishika sanduku huweza kuusingizia mkono uliotangulia. Ndege nazo zina mapatano yao, yaliyofanywa Montreal mwaka 1999, ambayo humpa abiria siku 7 tu kuarifu kwa maandishi juu ya mzigo ulioharibika. Kwa hiyo mtu afungue sanduku lake bandani, juu ya sakafu, hata kama jirani atamtazama kwa mshangao. Akiona kasoro aulize meza ya mizigo, atake fomu au aandike karatasi mwenyewe, apate sahihi na nakala. Basi la kwenda uwanjani husubiri kuliko watu wanavyodhani, na lisiposubiri, picha tatu hazichukui dakika: moja ya sanduku zima, moja ya kasoro, na moja ya lebo.

Ama juu ya kiasi cha fedha, mapatano ya Athens yaweka kikomo, nacho huhesabiwa kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, ambacho kimoja chake katika miaka hii kimekuwa kama dola moja na thuluthi ya Kimarekani. Kwa mizigo ya chumbani kikomo ni vipimo 2,250 kwa kila abiria, yaani dola 3,000 hivi. Kwa mizigo iliyokabidhiwa ni 3,375, yaani dola 4,500 hivi. Mkataba wa tiketi waweza pia kusema kwamba vipimo 149 vya kwanza, karibu dola 200, ni hasara ya abiria mwenyewe. Tena hayo ni makomo, si zawadi. Sanduku la miaka minane halilipwi kama jipya, na mikwaruzo ya kawaida hailipwi. Vito, dhahabu na fedha taslimu havilipwi kabisa ila vilipokabidhiwa kwa meli vitunzwe.

Marekani haikuingia katika mapatano hayo. Huko abiria hutegemea zaidi maandishi ya tiketi yake, na tiketi nyingi huweka kikomo cha dola mia chache tu, isipokuwa msafiri ametangaza thamani kubwa mapema na kulipa ada. Mwenye kumpeleka mzazi wake kwa njia ya Miami heri ayasome maandishi hayo madogo kabla ya kulipa, na afikirie bima ya safari, ambayo mara nyingi nayo hudai kuona taarifa iliyoandikwa bandani.

Kuhusu orodha ya vitu, sina mfano mzuri kuliko wa Bibi Charlotte Cardeza wa Philadelphia, aliyeokoka Titanic ilipozama mwaka 1912. Alidai dola 177,352 na senti 75 kwa masanduku yake, akaorodhesha kurasa baada ya kurasa za nguo, glavu na vito. Sheria ya Marekani iliruhusu wenye meli kuwajibika kwa thamani ya kile kilichosalia tu, yaani mashua za kuokolea watu pamoja na nauli, jumla isiyofika dola 100,000 kwa wadai wote. Mwisho walipatana kulipa zaidi ya hapo, lakini sehemu ndogo tu ya yaliyodaiwa. Bibi huyo hakupata alichoomba. Lakini hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hakujua alichopoteza. Sisi hatuna haja ya kurasa nyingi. Karatasi moja yatosha, iliyoandikwa usiku wa kufunga mizigo, ikitaja vitu vya thamani, bei yake na mwaka wa kununuliwa, kisha ikatiwa katika mfuko wa mkononi pamoja na stakabadhi.

Ikiwa barua hazikuzaa matunda na mtu ataka kwenda mahakamani, mapatano ya Athens yampa miaka miwili tangu siku ya kushuka. Madai ambayo hayakufikishwa mahakamani katika muda huo kwa kawaida hayasikilizwi tena, hata kama kampuni ilikuwa bado ikijibu barua zake.