Asubuhi na Ndege wa Mtera

Ndugu msomaji, je, umepata kumwuliza mwanao akutajie ndege watano anaowafahamu, ukiacha kuku na bata? Mimi nilimwuliza wangu. Akanitajia kunguru na njiwa, kisha akanyamaza. Ndiyo maana Jumapili moja ya mwezi Oktoba, kiangazi kikiwa kimekolea, tulidamka pamoja kwenda katika bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, tukiwa na darubini ya kuazima. Mtoto alikuwa na manati mfukoni, nilijifanya sikuiona.

Bwawa hili liko kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 700 kutoka usawa wa bahari. Lilijengwa katika miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na tangu mwaka 1988 nalo huzalisha umeme wake. Maji yalipopanda yaliifunika miti. Mingi ingali imesimama humo, mikavu, na kila tawi lina mwenyewe.

Kwanza tuliwaona ndege weusi waitwao mnandi, wamekunjua mbawa zao juani. Manyoya yao hulowana wanapozamia samaki, hivyo hawana budi kuyaanika. Yangeyange weupe walinyatia matopeni. Juu ya mti mrefu, furukombe alirudisha kichwa nyuma akapiga ukelele uliovuka maji. Mwanangu akainua mkono. Nilidhani anatafuta manati; kumbe aliomba darubini.

Kando yetu mvuvi mmoja mzee alikuwa akishona wavu.

"Shikamoo, babu. Yule mweusi ni ndege gani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Yule ni mnandi, mwalimu wetu. Anapozama, nasi hutega hapo." Kisha akatuonyesha alama hafifu kwenye gogo, juu kupita kimo cha mtu. "Maji yalifika pale. Yakishuka mno, mnandi huondoka, nasi twahamisha kambi."

Maneno hayo yanatuhusu hata sisi tukaao mijini. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka mara kwa mara wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kabla ya kufika Mtera. Wataalamu wametaja maji mengi yachukuliwayo kwa umwagiliaji huko Usangu kuwa sababu mojawapo. Maji anayozamia mnandi ndiyo yanayowasha taa tunazosomea. Ndege hutuarifu kwa kuondoka kwake.

Basi, mzazi mwenzangu, mchukue mwanao mapema kabla jua halijawa kali. Kaeni kimya, msikaribie viota, na mtafuteni mzee ajuaye majina.

Manati ingalipo nyumbani, sitakudanganya. Lakini juzi nilimsikia mwanangu akimkosoa mwenzake: "Usiseme ndege tu. Yule ni yangeyange."