Njia Kuu Imejengwa, Mtaa Je?



Mtu wa Mbagala, wa Tandika au wa Tegeta hana haja ya kuelezwa taabu ya usafiri. Huamka gizani, hukanyaga tope mpaka kituoni, na hufika kazini amekwisha choka. Je, hali hii ni lazima iwe hivi?

Mwaka 1974 Serikali iliunda Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ili mnyonge apate basi kwa nauli anayoiweza. Nia ilikuwa njema. Lakini mji ukakua, mabasi yakaharibika, na mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu hiyo watu waliiita dala. Ndipo tukapata daladala.

Daladala limetubeba, wala hatulidharau. Lakini dereva na konda humpelekea tajiri hesabu kila siku, na kinachobaki ndicho riziki yao. Kwa hiyo gari haliondoki mpaka lijae, ruti hukatwa njiani, na mtoto wa shule huachwa kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Kumlaumu konda peke yake ni kumwonea. Ubaya umo katika mkataba.

Mei 2016 yakaanza mabasi yaendayo haraka, Kimara mpaka Kivukoni. Ni kazi kubwa, nasi twaisifu. Lakini Mbagala imetupa funzo: zege lilimwagwa, vituo vikajengwa, kisha barabara ikakaa muda mrefu ikingoja mabasi. Zege halibebi abiria!

Tazameni sasa jambo la Oktoba 2012. Treni za abiria zilianza kutembea mjini juu ya reli iliyokuwapo tangu zamani. Hakuna aliyengoja reli mpya. Mabehewa yalitengenezwa, watu wakapanda. Hiyo ndiyo akili ya mwenye mfuko mdogo: huanza na alicho nacho.

Basi tunataka mambo matatu. Kwanza, mitaro na njia za miguu kutoka mitaani mpaka vituoni, maana kila abiria huanza safari yake kwa miguu. Pili, daladala zipewe kazi ya kuwaleta watu kwenye njia kuu. Wenye magari waungane katika ushirika, walipwe kwa safari walizofanya, na dereva apate mshahara. Tatu, isijengwe njia mpya kabla ya kujulikana mabasi yake yatatoka wapi na nani atayatunza.

Watasema fedha hazipo. Sisi twajibu: kwa kuwa ni chache, zianze kwa wengi. Mfereji wa mtaa wa Temeke hauna sherehe ya kukata utepe, lakini mama muuza samaki ataujua siku ya mvua.

Ndugu, mkutano wa mtaa ukiitwa, nendeni. Mwulizeni diwani: mwaka huu njia ya kwenda kituoni imetengewa shilingi ngapi? Mkinyamaza, hesabu itapangwa bila ninyi.