MAFUNZO BILA UJIRA NI UNYONYAJI

Ndugu wanachama,

Tumesikia neno ghalani wiki iliyopita, nalo limetuudhi. Ati wale akinamama wa kiwanda chetu cha alizeti, wajane na walioachwa na waume, pamoja na mabinti walioacha shule kwa ujauzito, wasidai ujira kwa kuwa bado wako mafunzoni. Wapewe ugali wa mchana na debe la mashudu, inatosha. Ni msaada huo, wanasema.

Msaada wa nani kwa nani? Mafuta yao yanauzwa bei ile ile. Hajafika mteja hapa akaulizia mafuta ya wanafunzi ili apunguziwe. Dumu ni dumu. Sasa pesa ya dumu ikiingia kamili, ujira unapotelea wapi? Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 23, inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake, bila ubaguzi. Haikusema isipokuwa mjane. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataa mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake. Leo mtu huyo ana kadi ya ushirika.

Na mafunzo yenyewe ni yapi? Msimu mzima wanapepeta, wanaanika, wanaosha madumu. Kupepeta alizeti! Nani katika Singida hii anahitaji kufundishwa? Fundi akiwasha mashine wanaambiwa wasogee, eti kelele zitawatisha. Jamani, mama wa hapa anasimama kwenye mashine ya kusaga na mtoto mgongoni, na mtoto kalala.

Kazi ya kufundishwa ni kurekebisha mashine isiache mafuta ndani ya mashudu, kuchuja, kusoma mzani, kuandika daftari. Faida inapatikana hapo, na wizi pia. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hiki, tuwaite. Kule Iringa, Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache. Walifundishwa kazi yenye soko, wakaajiriwa.

Tena kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Mama asiyeonyeshwa daftari ataombaje?

Sisi nasi tuna doa. Tulikuwepo mkutanoni jambo hili lilipopita, tukanyosha mikono bila kuuliza nani atalipwa nini. Tunaona haya.

Basi Jumamosi daftari la malipo lije mezani, na siku alizofanya kila mama zisomwe kwa sauti. Malimbikizo yalipwe kwanza, mengine baadaye. Jumatatu fundi aanze na wawili kwenye mashine. Anayepinga aje aseme mbele yao, siyo ghalani.

Ni sisi,
Kamati ya Gazeti la Ukutani