Mto wetu wameugeuza uzio

Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kwa kura akaisemee Ifakara ni Julius Nyerere. Vijana wa Kibaoni nikiwaambia hivyo wanacheka, wanaona ni porojo za kijiweni. Si porojo. Mwaka 1958, enzi za kura tatu, ya Mwafrika, ya Mwasia na ya Mzungu, Wilaya ya Ulanga nzima, na Ifakara ndani yake, ilihesabiwa katika Jimbo la Mashariki. Mwalimu akagombea huko dhidi ya Chifu Patrick Kunambi, akamshinda. Jimbo lile lilianzia pwani likaja kuishia huku kwetu kwenye maji. Kura ilikuwa ya msomi, ya mwenye cheo, au ya mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Mkulima wa mpunga aliambiwa aendelee kupalilia. Na aliyechora mpaka ule hakuwahi kuzama magotini katika tope la bonde hili.

Sasa mkoloni kaondoka. Aliyeshika kalamu leo amezama mara ngapi?

Fungueni Katiba, ibara ya 75. Majimbo yanagawanywa na Tume ya Uchaguzi, lakini mpaka Rais atoe kibali. Yaani mchezaji mmojawapo, tena mwenye jezi ya chama, ndiye anayeridhia chokaa ipite wapi uwanjani. Rudini nyuma ukurasa mmoja, ibara ya 74, kifungu cha 12: mahakama haina mamlaka ya kuchunguza jambo ambalo Tume imelitenda katika kutekeleza kazi zake. Mwananchi wa Ifakara akidhulumiwa kiwanja anakwenda kwenye baraza la ardhi. Akidhulumiwa jimbo, aende wapi? Kwa Mungu, labda.

Hebu litazameni bonde lenyewe. Mto Kilombero unapita katikati. Ng'ambo ya kaskazini wamekata majimbo mawili, Kilombero na Mlimba. Ya kusini wamekata mawili, Ulanga na Malinyi. Ukishuka hadi Kidatu unakuta kichekesho kingine: shamba la miwa ni moja, kampuni ni moja, ila Ruaha Mkuu umepita kati, basi mkulima wa huku ana mbunge wa Kilombero na mwenzake wa ng'ambo ana mbunge wa Mikumi. Bei ya tani ya miwa wanapangiwa pamoja, kilio wanapeleka kwa watu wawili.

Nitakuwa mkweli: zamani mto kuwa mpaka lilikuwa jambo la akili. Nani angeiweka Lupiro jimbo moja na Ifakara wakati kati yao kulikuwa na pantoni? Pantoni ndiyo iliyoamua mgonjwa afike Hospitali ya Mtakatifu Fransisko leo au kesho, na Januari 2016 kivuko kilizama pale pale, watu wakiwemo. Lakini Mei 2018 Rais Magufuli alikuja kufungua daraja la mita 384. Siku hizi mtu anaamka Ifakara, anavuka kwa baiskeli, anapiga jembe shambani kwake Ulanga, na jioni yuko nyumbani anakula ugali. Katiba hiyo hiyo inaitaka Tume, inapochora, izingatie njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Mawasiliano yamebadilika. Ramani imebaki na pantoni.

Na hasara si ya kusomeka vitabuni tu. Moyo wa bonde hili ni ardhi oevu iliyoingizwa katika mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Ilikuwa pori tengefu, sasa ni pori la akiba. Vigingi vilipozidi kusogea, mkulima wa Mlimba na mfugaji wa Malinyi wote waliambiwa rudini nyuma, wote kwa ajili ya nyika ileile. Mto Lumemo ukifurika maji hayaulizi kadi ya mpiga kura. Kila mbunge kati ya wanne ana kipande chake cha maafa, dakika zake chache za kuuliza swali Dodoma, na waziri wa kumjibu kwamba serikali inalifanyia kazi. Vipande vinne vya kilio havijawahi kuwa kilio kimoja.

Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane, yakafika 272 nchi nzima. Kigezo kilichopigiwa debe kilikuwa vichwa: watu 600,000 mjini, 400,000 vijijini. Bonde halikuguswa. Sawa, vichwa vyetu havikutosha. Lakini kama vichwa ndiyo mizani, Bara ina majimbo 222, wastani wa watu karibu 270,000 kwa kila moja kwa sensa ya 2022, na Zanzibar ina majimbo 50, karibu watu 38,000 kwa kila moja. Siwaonei gere ndugu zetu wa Visiwani. Muungano una hesabu zake. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba idadi ni msahafu pale Ifakara inapouliza, halafu kwingine inakuwa makubaliano.

Wapo wanasiasa wetu watakaorukia hapa: basi tuongezewe jimbo! Sitaki. Sitaki upande wetu wa kaskazini upewe kiti cha tatu, gari la tatu na posho ya tatu. Kukata si kuwakilisha, na ushahidi tunao. Uchaguzi wa 2015 tulikuwa na majimbo mawili, na yote mawili wananchi waliyapa upinzani: Susan Kiwanga Mlimba, Peter Lijualikali Kilombero. Nini kilifuata? Machi 2016 ukatokea mzozo kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa halmashauri. Januari 2017, kwa mzozo huo, mahakama ya wilaya ikamhukumu Lijualikali kifungo cha miezi sita, bila hata faini. Machi Mahakama Kuu ikamwachia huru. Kwa majuma yote hayo jimbo letu lilikuwa gerezani. Nani aliulizwa? Nani alikuja Viwanja Sitini kusema, jamani, samahani, sauti yenu tumeifungia?

Kisha 2020 huyo huyo akahamia CCM, na mwaka uliofuata akateuliwa mkuu wa wilaya ya Nkasi. Ni haki yake, na mimi si karani wa dhamiri za watu. Lakini tazameni mfumo uliotengeneza njia hiyo. Mbunge akikihama chama, kiti kinaondoka, kwa sababu kiti ni cha chama. Na mtu wa Mang'ula asiye na chama haruhusiwi kugombea kabisa, ingawa mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko hapo Arusha ilisema katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba katazo hilo linavunja haki. Miaka inapita, katazo lipo. Oktoba 2025 hata CHADEMA, chama kilichoshinda majimbo yetu yote mawili miaka kumi nyuma, hakikuwemo kwenye karatasi ya kura. Mpaka unachorwa na wengine, wagombea wanachujwa na wengine, sisi tunaachiwa wino wa kidoleni.

Majimbo hupitiwa upya angalau kila miaka kumi. Kwa hiyo, ninyi mtakaoshika kalamu safari ijayo: njooni mkae Ifakara. Si hotelini Morogoro mjini. Njooni masika, mwezi wa nne, mje na viatu vya mvua. Wekeni ramani mezani, waiteni wa Mlimba, wa Malinyi na wa Ulanga, muwaulize mto huu unawatenga au unawaunganisha. Andikeni sababu za kila mstari mtakaouchora, na kifungu cha 12 kifutwe ili asiyeridhika awafuate mahakamani. Watu wa Lupiro wakikosa nauli ya bodaboda ya kuvuka daraja, mimi nitachangia.