Ugali bado haujahukumiwa

Wadau, siku hizi kila kijiwe kina daktari wake: acha ugali, acha wali, mwili utachoma mafuta wenyewe hata ukiwa umelala. Ukidai ushahidi unaambiwa, "Wazungu wameshathibitisha." Haya, tuwaangalie hao Wazungu.

Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Marekani wa Cara Ebbeling, David Ludwig na wenzao. Watu wazima 164 waliokwishapungua uzito walipewa chakula maalumu kwa wiki 20. Waliokula wanga kidogo, asilimia 20 ya nishati yao, walitumia kalori 209 zaidi kwa siku kuliko wale wa asilimia 60.

Lakini mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake waliwaweka wanaume 17 wodini, wakawapima katika vyumba vinavyopima hewa wanayovuta na kutoa. Wanga ukakatwa karibu wote. Ongezeko? Kama kalori 57. Hall akauhoji pia utafiti wa 2018, kina Ludwig wakamjibu.

Mimi ni mwandishi wa habari, najua "Ugali wanenepesha" huuza gazeti kuliko "Wataalamu wabishana". Ila mwenye kipato kidogo akiusoma huo wa kwanza akaacha ugali, atakula nini? Nyama kila siku? Sisemi tujaze sahani kama Kilimanjaro. Nasema tusimwondolee mtu chakula anachokimudu kwa hoja ambayo wenye maabara bado wanaigombania.

Mnasemaje?